Pale Wasipoanika Dagaa

Hii usiisome nusu nusu. Ukiimaliza, mrushie mtu mmoja unayempenda ambaye haambiliki. Kila ukoo unaye wa namna hiyo, na kama wa kwenu humjui, huenda ni wewe.

Bwana Gaudensi Simbeye alikuwa dereva wa malori kwa miaka thelathini na mmoja. Alibeba saruji, mbolea, mahindi, na safari moja alibeba jenereta lililomlaza njiani siku kumi na moja. Jambo alilojivunia ni kwamba hakuwahi kukwama mahali akashindwa kutoka. Ukimuuliza siri yake, alikuwa anakwambia kwamba yeye huangalia makovu ya ardhi. Penye mashimo ya matairi pana mtu aliyehangaika, kwa hiyo kaa mbali napo. Pasipo na mashimo, pita. Sheria hiyo haikumwangusha hata siku moja barabarani, na mtu ambaye sheria yake haijawahi kumwangusha huwa hasikii la mwingine.

Mkewe, Restituta, alizaliwa mwambao wa Ziwa Tanganyika, akaolewa, akapelekwa Mbalizi, na tangu hapo akaishi akitazama ukuta wa jirani. Kila Krismasi mumewe alimwahidi kwamba mwakani atampeleka kwao akaone maji. Mwaka ukifika, mzigo nao umefika, na Gaudensi yuko njiani. Alipostaafu, hata kabla hajazoea kulala kwake, Restituta akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na kutembea kukaishia hapo.

Gaudensi aliona aibu ambayo hakumwambia mtu. Alinunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti vyote, akaweka kitanda, jiko la gesi, pipa la maji na meza ya kukunja. Dirisha la nyuma, lile la kichwani mwa kitanda, alilipanua mwenyewe kwa msumeno ili mgonjwa aone nje bila kunyanyua shingo. Majirani waliliita nyumba-gari, wengine wakacheka. Yeye alimwambia mkewe kwamba safari hii ataamka na kukuta ziwa liko mlangoni.

Walifika kwenye kijiji cha wavuvi saa sita mchana, jua limewaka sawasawa. Ufuko wote ulikuwa umeanikwa dagaa. Wanawake walikuwa wamezitandaza juu ya maturubai kuanzia majani mpaka karibu na maji, bila kuacha hata pa kuweka mguu, isipokuwa sehemu moja katikati iliyoanzia kwenye majani. Sehemu hiyo ilikuwa kubwa kama kanisa la kigango, mchanga mweupe, bapa, umelala kimya. Kunguru walikuwa wanaiba dagaa kila upande, lakini pale katikati hakutua hata mmoja. Gaudensi hakujali kunguru. Alichoona ni kwamba hapakuwa na shimo wala mstari wa tairi, na moyo wake ukafurahi kweli.

Alishuka, akakanyaga mchanga kwa kisigino cha buti. Ulikuwa mgumu. Akaruka juu yake mara mbili, ukamstahimili. Mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa karibu na hapo aliacha kazi, akasogea. Jina lake Mwavita, mtu wa makamo, sauti yake ndogo. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana habari za safari na za mgonjwa. Salamu zilipokwisha, mama yule akatazama mchanga.

"Baba, sisi hapo hatuaniki."

"Nami sikuja kuanika, mama," Gaudensi akajibu, akatabasamu kama anayemsamehe mtoto.

Mama Mwavita hakurudia. Alirudi kwenye dagaa zake. Ndani ya gari Restituta alimwambia mumewe kwa ulimi wake mzito kwamba watu wa ziwani hawaachi mahali pazuri bure, amuulize yule mama sababu. Gaudensi akamwambia apumzike, barabara anazijua yeye. Akawasha gari, akaingia taratibu mpaka katikati, akaligeuza dirisha la kitanda likatazama maji. Akazima. Akachukua jiwe kubwa alilozoea kutembea nalo, akaliweka nyuma ya tairi, kama dereva yeyote wa lori.

Restituta aliyaona maji, akalia. Alilia muda mrefu, mkono wake mzima umeshika fremu ya dirisha. Gaudensi alisimama nyuma yake. Alijiambia kwamba ahadi ya miaka yote ile imetimia.

Akabandika chai. Wakati inachemka alitupa macho nje, akaona wanawake wanahamisha maturubai yao. Hawakuwa na haraka. Wale wa jirani na gari walikuwa wanayavuta nyuma, hatua mbili, hatua tatu, na mazungumzo yalikuwa yamekatika kabisa. Hakuna aliyekuwa analitazama gari. Wote walikuwa wanatazama mchanga chini ya gari.

Alimimina chai vikombe viwili, akaviweka mezani. Chai ikasogea upande mmoja wa kikombe, upande wa pili ukabaki chini kwa upana wa kidole. Akakisukuma kikombe, ikawa vilevile. Akafikiri meza imelegea. Alipoinua macho aliona koti lake lililotundikwa kwenye msumari limeuacha ukuta. Lilikuwa linaning'inia peke yake hewani, shibiri nzima kutoka ubaoni, na upepo haukuwepo.

"Baba Chesko," Restituta akamwita mumewe polepole. "Kuna mtu anapumua chini ya kitanda."

Alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Alipiga magoti, akaweka sikio sakafuni. Ni kweli palikuwa na pumzi. Ilikuwa inapanda, inakaa, inatoka kwa mlio wa mtu aliyelala chali, halafu inanyamaza, halafu inaanza tena.

Alitoka nje kwa mlango wa ubavuni na hakushuka ngazi, kwa sababu ngazi haikuwepo tena, mguu wake ulikutana na mchanga usawa wa sakafu. Akazunguka kuliangalia jiwe lake nyuma ya tairi. Jiwe halikuwepo. Hapakuwa na shimo, hapakuwa na alama, mchanga ulikuwa umelala bapa kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuweka kitu pale. Alitazama nyuma, njia aliyoingilia. Mistari ya matairi yake mwenyewe, yenye umri usiofika saa moja, ilikuwa imekwishafutika.

Hapo ndipo Gaudensi Simbeye alipoelewa kwa nini ardhi ile haikuwa na makovu. Ilikuwa inayameza.

Mtu mwenye akili angetulia. Yeye aliruka ndani, akawasha injini, akakanyaga mafuta, kwa sababu miguu ya dereva inafanya kazi kabla ya kichwa. Matairi yalizunguka, gari likatetemeka, na kwa kila mtetemo likashuka. Mchanga ukapanda mlangoni. Maji ya baridi yakaanza kuchuruzika sakafuni, yanatoka chini, si ziwani.

"Zima gari, baba," Mama Mwavita akasema kutoka pembeni. Hakupaza sauti. "Ukilitikisa unaulainisha mchanga."

Akazima. Alisukuma mlango, haukusogea. Mchanga ulikuwa umefika nusu yake. Alimtazama mkewe kitandani, mwanamke asiyeweza kusimama, aliyeletwa hapo na mume aliyeambiwa mara mbili, na mkewe na mwenyeji, akakataa mara mbili. Restituta hakumlaumu kwa neno. Alimnyooshea mkono ule mzima, akamwambia kama yeye anaweza kupita dirishani apite. Gaudensi alikaa kitandani, akaushika ule mkono, akasema haendi popote. Alikuwa anaogopa sana na hakuona tena sababu ya kuficha.

Nje walisikia dagaa zinamwagwa. Wale wanawake waliinua maturubai yao, kazi ya siku nzima ikaanguka mchangani, wakayatandaza moja mbele ya lingine kuelekea kwenye gari. Juu yake wakalaza mbao za mitumbwi. Mama Mwavita na wenzake wawili wakalala kifudifudi, wakaanza kutambaa.

Gari lilikuwa bado linashuka. Mchanga ulifika kwenye ukingo wa madirisha. Ndipo kutoka chini kabisa ukasikika mgongano mmoja mzito, chuma kwa chuma, ukapita sakafuni mpaka kwenye mifupa yao. Gari likaguta, likalala kidogo upande wa kushoto, likasimama. Halikushuka tena hata inchi moja.

Mama Mwavita alikuwa amefika dirishani. Aliposikia mgongano ule aliganda, kiganja kimoja juu ya ubao, rangi imemtoka usoni. Gaudensi alidhani amechoka. Baada ya muda mama yule alivuta pumzi, akawaambia wenzake waendelee. Walimtoa Restituta kwa dirisha la nyuma, akiwa juu ya godoro lake, wakamvuta juu ya maturubai pole pole mpaka kwenye majani. Gaudensi alitambaa nyuma yao, uso mchangani, akimshukuru Mungu kwa sauti.

Alipofika penye majani alikaa chini. Restituta alikuwa amefunikwa khanga za watu, anakunywa uji. Alipoweza kusema, Gaudensi aliomba radhi kwa dagaa zilizomwagika, akaomba radhi kwa maneno aliyojibu. Kisha akauliza ni mwamba gani uliolisimamisha gari.

"Hapo hapana mwamba," Mama Mwavita akasema. "Ni mto uliojifukia, mchanga ni blanketi tu. Kilichokuzuia ni lori."

Alimweleza bila kumtazama. Miaka tisa iliyopita dereva mmoja alikuja kubeba dagaa za kijiji. Aliona ufuko umejaa, akaona sehemu moja imebaki wazi, safi, haina hata mstari wa tairi. Akaegesha hapo, akajinyoosha kwenye kiti cha mbele asinzie kidogo wakati wanamfungia magunia. Kabla magunia hayajafungwa, mchanga ulikuwa bapa. Wanaume, wakiwa pembeni kwa kuogopa kuingia katikati, walichoma miti ya kusukumia mitumbwi, wakaiunganisha miwili miwili, hawakugusa kitu. Wakaweka bango la kuwaonya wapitao. Likazama. Wakaweka lingine, nalo likaenda.

"Hakuwa na mtu wa kumwambia?" Gaudensi akauliza.

"Aliambiwa. Nilimwambia mimi. Nilimpigia kelele mpaka watu wakaja, nikashika na mlango wa lori. Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo alivyokaza, akasema nisimwaibishe mbele za watu, kazi ya magari anaijua yeye." Akakung'uta mchanga kwenye khanga. "Alikuwa mume wangu. Tangu siku hiyo ninasema mara moja tu, tena taratibu."

Gaudensi alitazama pale mchangani, ambapo paa la basi na madirisha vilikuwa bado vinaonekana, vimetulia juani.

Mama Mwavita ndiye aliyeuliza swali la mwisho.

"Gari lako, kutoka matairini mpaka ulipofika mchanga, ni kimo gani?"

Gaudensi alisimama, akapima kwa mkono ubavuni mwake, akaonyesha juu kidogo ya kiuno. Yule mama alisimama mbele yake, akautazama ule mkono kwa muda mrefu. Kisha akainama, akaweka kiganja chini kwenye majani, akakipandisha polepole mpaka kilipolingana na wa Gaudensi.

"Hapa tu," akasema. "Miaka yote hii nimelala nikidhani yuko mbali."

Funzo: Mahali ambapo wenyeji wote wamepaacha wazi, uliza kabla hujafurahi, na anayekuonya kwa sauti ndogo usimdharau, pengine ile kubwa aliimalizia kwa mtu aliyempenda.