Ngiri Alivyoshusha Mkia Bondeni

Oya, nilete nisilete?

(Lete.)

Na ikiwa chungu?

(Tutameza.)

Basi sogeeni. Ila kila mmoja amcheki jirani yake vizuri, maana hadithi hii haimwamini mtu.

Zamani, zamani ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, Chui alikuwa mfalme wa pori. Jamaa alikuwa noma. Alianzisha vita na wanyama wa kusini, na kila aliyeuliza vita ya nini, alichukuliwa. Mchukuaji alikuwa Ngiri, mkuu wa askari. Ukimwona anakuja kwako, mkia juu kama antena ya redio, ujue kwako pameisha.

Alimchukua mume wa Bi Digidigi wakiwa wanakula. Mume akamwambia mkewe, "Nifunikie majani yangu, narudi."

Hakurudi.

Ikafika siku wanyama wakachoka. Wakamkimbiza Chui mpaka akatumbukia mtoni, mamba wakamaliza kazi. Ngiri akakamatwa, kesi ikafunguliwa. Hakimu nani? Korongo. Yuleyule aliyekuwa hakimu wa Chui, ila sasa kavaa joho jipya.

Wanyama wakaguna. Wengine wakataka kesi ipelekwe ng'ambo ya mto, viboko waisikilize, maana huku nani wa kumwamini? Bi Digidigi akakataa. Akasema waliokufa wamelala hapa, kwa hiyo kesi ni hapa.

Siku ya kwanza Korongo akamuuliza kama alimwona Ngiri akiua. Akajibu alimwona akichukua. Korongo akasema kuchukua siyo kuua, rudi kesho.

Siku ya pili Ngiri akalia, machozi kabisa. Akasema yeye alitumwa tu, na wale wote aliwavusha mpaka salama, labda wameshaoa hukohuko.

Kicheche, muuza karanga wa pale mahakamani, akauliza, "Wameoa wote, mkuu? Hata bibi yangu?"

Korongo akamtoa nje.

Siku ya tatu Korongo akanyoosha shingo. "Mama, sheria ni sheria. Hakuna mwili, hakuna kesi. Usipouonyesha leo, Ngiri jioni anakula kwake."

Bi Digidigi hakujua mumewe yuko wapi. Alichojua ni kwamba askari walielekea Bonde la Ukoka, na bonde lenyewe sasa ni majani matupu, huoni kitu.

Ngoja niwaambie jambo la wale wanyama. Kwao kaburi halikanyagwi. Ukilifikia unazunguka kushoto, unashusha mkia. Ndege yeye anakunja shingo. Ukikanyaga, mwenye kaburi anakuja kukudai miguu. Wanafundishwa tangu wadogo, mpaka miguu inafanya yenyewe, kichwa hakiulizwi.

Bi Digidigi akasema, "Mheshimiwa, naomba tuvuke Bonde la Ukoka. Ngiri atangulie."

Ngiri akaapa hajawahi kufika huko tangu azaliwe. Korongo naye akasema hata yeye bonde hilo halijui.

"Basi hamna cha kuogopa," mama akasema.

Wakaenda. Ngiri mbele, mkia juu, anapiga stori za mvua. Mara akazunguka kushoto, mkia chini. Akarudi njiani, mkia juu. Wanyama wakatazama pale. Majani tu.

Mbele kidogo, tena. Kushoto, mkia chini, mkia juu. Mwenyewe hana habari, bado yuko na mvua yake. Wanyama wakaanza kubanana.

Bi Digidigi alishaacha kumtazama Ngiri. Alikuwa anatazama miguu mirefu ya Korongo, aliyekuwa anapita pembeni peke yake, mbali na wenzake. Miguu ikasimama. Ikazunguka kushoto. Shingo ikajikunja.

"Simameni," akasema. "Ngiri, kule nyuma ulizunguka nini?"

Ngiri akageuka, akayaona majani, akawaona wanyama. Mkia ukaanguka wenyewe.

"Na wewe, Mheshimiwa?"

Korongo akasema alikuwa anamfuata aliyemtangulia.

"Mkuu, Ngiri kapita kule," Kicheche akasema. "Huku ulikuwa unamfuata nani?"

Korongo akaanza kunyoosha joho lake.

Wakachimba. Alipozunguka Ngiri walikuwemo wanyama waliochukuliwa, kote kuwili. Alipozunguka Korongo kukatoka kapembe kadogo, ncha imekatika. Bi Digidigi alikuwa anakajua kale kapembe. Akachuma majani, akakafunika.

"Nilikufunikia," akasema. "Yakanyauka."

Ngiri na Korongo wakashtakiwa palepale, kwenye mahakama ileile. Akachaguliwa Nungunungu awe hakimu. Lakini kabla hajakalia kiti, walimvusha bonde kwanza, pori zima linatazama miguu yake. Na mpaka leo kila hakimu mpya anavushwa, maana wapo ambao hawajapatikana.

Funzo ndilo hilo, washkaji. Kesi ya nyumbani msimpelekee jirani kwa sababu hamwaminiani. Ihukumuni hapahapa, walipolala wenu. Ila anayehukumu naye mvusheni bonde, na msiangalie joho.

Nimeileta?

(Umeileta.)

Mmemeza?

(Tumemeza.)

Haya, inukeni mwende. Na mkitoka hapa, kila mtu aangalie anapokanyaga, na anapozunguka.