Mkono wa Mlangoni

Hapo zamani, kabla mabomba ya maji hayajapanda milima ya Upare, palikuwa na kijiji ambacho nyumba ya mtu ikibomoka haikuwa shida yake peke yake. Baragumu likilia, wote walitoka kwenda msaragambo, yaani kazi ya pamoja isiyo na ujira. Wanaume walichimba udongo, wanawake walikandika kuta, na watoto walishindana kuleta maji. Mtoto alibeba mtungi kichwani kutoka kijitoni hadi penye ujenzi, bila kuushika kwa mkono. Aliyetangulia kufika, na maji yake hayajashuka chini ya shingo ya mtungi, ndiye mshindi.

Sasa sikilizeni zawadi yenyewe. Msimu mzima mshindi alipigiwa vigelegele, basi. Lakini msaragambo wa mwisho ulikuwa na jambo lake. Mshindi alichagua mtu mzima mmoja, yule aliyemfikisha hapo, aje abandike kiganja chake kwenye udongo mbichi kando ya mlango. Alama ile ilikaa ukutani miaka na miaka, wapita njia wakionyeshana: huu mkono wa fulani. Mkono mmoja tu, wa mtu mmoja tu.

Mcharo, mchunga mbuzi, mbishi kuliko mbuzi wake, aliutaka mkono ule. Mkewe alifariki akamwachia binti anyonyaye, Nanzia. Watu wakasema mwanamume hawezi kulea binti, ampeleke kwa bibi yake. Mcharo akakataa kata kata. Tangu siku hiyo alitamani kijiji kizima kione, pale ukutani, kwamba aliweza.

Nanzia alipotimiza umri wa kubeba mtungi, baba yake alimfundisha alichokijua yeye, kukimbia kama anayemfuata mbuzi aliyeingia shamba la watu.

"Kimbia, mama! Kimbia!"

Mara ya kwanza Nanzia alikimbia, akafika ameloa chapachapa. "Umeleta maji au umekuja kuoga?" watu wakamcheka. Mcharo akamfuta kwa shuka lake, akamwambia, "Umefika, mama. Kuna waliobaki nyumbani." Yale maji kidogo yaliyosalia yakamwagwa kwenye udongo, na udongo ukayapokea.

Mara ya pili alikimbia, mtungi ukaanguka, paa! Vigae chini. Mcharo akaviokota kimoja kimoja. "Umefika, mama. Kuna waliobaki nyumbani."

Mara ya tatu akawa wa mwisho kabisa, wenzake wameshanawa miguu. Na Mcharo yupo palepale, na neno lake lilelile. Wanaume wenzake wakamtania, "Baba Nanzia, siku hizi unachunga mitungi?" Akawajibu, "Ndiyo, tena hii haili mahindi ya jirani."

Habari zikamfikia Bibi Naetwe, mama wa marehemu. Bibi huyu hakuwahi kukanyaga kwenye mashindano hata siku moja. Alimwita mjukuu wake, akamtazama anavyotembea, akasonya.

"Baba yako amekufundisha kukamata mbuzi. Maji hayakamatwi. Shingo itulie, kiuno kifanye kazi, miguu ipapase njia. Twende tena."

Akamsokotea ngata ya majani makavu ya mgomba, ya kuwekea mtungi kichwani. Kiangazi kizima, kila asubuhi, shingo itulie, kiuno kifanye kazi, twende tena. Mtoto akilia, twende tena. Akichoka, twende tena.

Basi Nanzia akawa wa tatu. Akawa wa pili. Kwenye nyumba ya mkunga akashinda, na Mcharo akaruka mpaka fimbo ikamponyoka ikampiga mzee mmoja kisigino. Furaha ile jamani, hata aliyepigwa alicheka!

Ukaja msaragambo wa mwisho, wa nyumba ya Mzee Kiangi iliyobomolewa na mvua. Safari hii hata Bibi Naetwe alikuja, akakalishwa kwenye gogo. Watoto wakatoka kijitoni. Mbele Nanzia, nyuma yake hatua chache Yunisi, binti wa mfinyanzi. Huyo mfinyanzi, Mama Yunisi, alikuwa amesimama kwenye kona ya mwisho akimngojea mwanawe.

Mcharo alipomwona binti yake yuko mbele, alishindwa kujizuia.

"Nanziaaa! Ni wewe, mama! Ni wewe!"

Nanzia akasikia sauti ya baba yake, akageuza kichwa. Ngata ikateleza. Mwenyewe hakuhisi, na Mcharo kule mbali hakuona. Aliyeona ni Mama Yunisi peke yake. Angefumba mdomo tu, mtungi ule ungeanguka, na mwanawe angeshinda.

"Nanzia! Simama! Ngata!"

Nanzia akasimama. Akakunja magoti taratibu, akairudisha ngata kwa kidole, mtungi hakuugusa. Yunisi akampita. Nanzia akainuka. Shingo ikatulia, kiuno kikafanya kazi, miguu ikapapasa njia. Akamkaribia mwenzake, wakawa bega kwa bega, na mlangoni akamzidi kwa hatua moja! Mtungi ukachunguzwa, maji yako shingoni. Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ambo ya bonde wakajua.

Mzee Kiangi akasawazisha udongo kando ya mlango. "Haya, mjukuu wangu, chagua. Jua kali hili, udongo haungoji."

Mcharo alikuwa ameshanawa mkono.

"Subiri, mkwe wangu," Bibi Naetwe akasema. "Aliyemfundisha kumwaga maji ni wewe. Aliyemfundisha kuyafikisha ni mimi."

"Mama, nakuheshimu sana," akajibu Mcharo. "Lakini alipovunja mtungi, nani aliokota vigae? Alipoloa chapachapa, nani alimfuta? Angekata tamaa siku ile ya kwanza, leo ungemfundisha nani?"

Mama Yunisi akasogea, mwanawe amemshika nguo, analia. "Mimi ningenyamaza, sasa hivi mngekuwa mnaokota vigae, na anayechagua ni huyu wangu. Angenichagua mimi. Na wewe, Baba Nanzia, mtoto aligeuza shingo kwa sauti ya nani?"

Hapo Mcharo akanywea. Aibu ilimshika kweli, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu. Akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Ni sauti yangu, mama. Nisamehe. Umeshinda, na mimi nimeshiba. Lakini sitakudanganya, mkono huu bado nautaka."

Nanzia akamtazama baba yake, ambaye hakukosa hata siku moja. Akamtazama bibi yake, ambaye mashindanoni alikuja siku moja tu. Akamtazama Mama Yunisi, ambaye neno lake moja lilimponza mwanawe. Wote watatu sasa wameshanawa mikono, na udongo umeanza kupauka pembeni.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkitikisa vichwa, msimwachie mtoto mzigo huu peke yake. Semeni upesi, kabla udongo haujakauka: je, ni mkono wa nani uliostahili mlango ule?