Mitatu Mitatu

Wapendwa, wale ambao jana mlishinda bustanini na leo kucha zenu zina udongo, msizifiche chini ya vitabu vya nyimbo. Mimi mwenyewe zangu hazijatakata. Ndiyo majira yake. Mvua za kwanza zimeshagonga mabati, na huku milimani kwetu hakuna salamu inayokwisha bila kuulizana habari za miche: ya nani imeota, ya nani imeliwa na konokono. Basi na mimi nina habari ya miche.

Alikuwapo mama mmoja, mkulima wa bustani. Tumwite Mama Elikana, na kama yupo Mama Elikana humu ndani anisamehe, simsemi yeye. Mama huyu alikuwa na mkono wa nyanya. Wengine wakisia mbegu, nusu inaota na nusu inabaki ardhini. Zake zilikuwa zinaota zote, shina nene, majani yamesimama. Watu wakipita njiani walikuwa wanasimama kwenye ua wake kutazama, na yeye alikuwa anajua wanatazama. Alikuwa anajifanya ana kazi nyingine, lakini alikuwa anajua.

Na wanabustani wa mlima ule walikuwa na desturi yao. Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kuanza, watu sita au saba walikuwa wanakusanyika uani kwa Mama Elikana, kila mmoja na miche aliyoikuza nyumbani kwake. Huyu kabichi, huyu hoho, huyu vitunguu. Hawauziani, wanabadilishana tu. Wanakunywa chai ya tangawizi kwa magimbi, wanataniana, wanasimuliana ubaya wa mbuzi wa jirani. Ila tusidanganyane, kila mmoja alikuwa amefuata nyanya za mwenye nyumba.

Sasa, mwaka mmoja, Ijumaa mchana, siku moja tu kabla ya siku yenyewe, Mama Elikana alikwenda kwenye kitalu chake akakuta mche mmoja umelaza kichwa. Udongo una maji. Jani ni bichi. Akajiambia ni jua. Akaenda kukata majani ya ng'ombe, akarudi, akakuta mitatu. Alikuwa anaijua dalili hiyo. Miaka ya nyuma bwana shamba alikuwa amewaonya juu ya mnyauko, ugonjwa unaokaa kwenye udongo na kusafiri na maji, usio na dawa. Ukiingia shambani, nyanya hazifai, hoho hazifai, viazi havifai, na udongo ule unauacha miaka. Akawaonyesha na namna ya kuupima: kata shina, litumbukize ncha yake kwenye glasi ya maji safi, subiri. Kama mche ni mzima, maji yatabaki maji. Kama ni mgonjwa, utaona uzi mweupe unashuka kutoka kwenye shina, mfano wa maziwa.

Mama Elikana aliingiza mche mmoja jikoni, akafunga mlango. Nyumba ile ilikuwa na glasi moja tu, ya wageni. Akaijaza maji, akakata shina, akalishika kwa vidole viwili ndani ya maji, akangoja kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Dakika ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu, akaanza kupumua. Ya tatu, uzi mweupe ukashuka taratibu mpaka chini ya glasi.

Mnajua alifikiria nini kwanza? Hakufikiria ugonjwa. Alifikiria kesho. Aliwaona watu wamesimama uani na makarai yao matupu, na yeye anasema sina. Yeye, mwenye mkono wa nyanya.

Mara akasikia hodi. Alikuwa rafiki yake, Mama Roselina, mjane, ambaye walisuka nywele pamoja tangu usichana. Mama Elikana akaifunika glasi kwa bakuli haraka. Rafiki akaingia, amechoka na kilima, akaomba maji ya kunywa. Akapewa kwa kikombe cha bati. Akashangaa kidogo, kwa sababu siku zote katika nyumba ile alikuwa akinywea glasi ya wageni. Lakini hakuuliza. Alikuwa na lake la kusimulia: lile shamba jipya aliloachiwa na marehemu, ambalo amekuwa akiling'oa magugu peke yake miezi mitano, sasa limekubali. Viazi vimechipua mstari kwa mstari. Mwaka huu watoto hawatakula kwa jirani. Akasema amebakiza kipande kidogo pale juu, cha nyanya, na kesho atakuja kuchukua miche yake.

Mama Elikana akaitikia. Mkono wake ulikuwa juu ya bakuli muda wote ule.

Jioni aliing'oa ile miwili mingine, akaichoma pamoja na ule aliokata. Akaikagua iliyobaki, ikawa imesimama vizuri, inapendeza. Akajiambia huenda ilikuwa ile mitatu tu. Moyoni alijua si kweli. Ndipo akapata wazo ambalo aliliona ni la huruma kabisa: wengine nitawapa, lakini Mama Roselina simpi hata mmoja. Nitamlinda rafiki yangu. Wapendwa, mtu anaweza kulala usingizi mzuri juu ya wazo la namna hiyo. Naye alilala.

Kesho yake watu walikuja. Chai ikanywewa, mbuzi wa jirani akasemwa, Mzee Shekiondo akatamba na kabichi zake mpaka akachekwa. Mama Elikana aligawa nyanya, kila mtu miche ishirini, na kila mtu akamshukuru. Ikafika zamu ya Mama Roselina. Akainua karai lake.

"Mwaka huu haikutosha, mwenzangu," akasema Mama Elikana, bila kumtazama. "Labda mwakani."

Na kitalu kile pale, wote wanakiona, bado kina miche. Mama Roselina alishusha karai, akachukua kabichi alizopewa, akaaga kwa adabu, akashuka kilima. Waliobaki walitazamana. Mama Elikana akaingia ndani kuosha vikombe, na machozi yalimtoka, lakini alijiambia: angalau nimemwokoa.

Juma lile mvua ilinyesha kila siku. Siku ya nane hakuweza tena kuvumilia, akabeba ndizi, akaenda kumtazama rafiki yake. Alitaka kuomba radhi kwa maneno yale, si kwa lile jingine. Akamkuta shambani. Viazi vimepita vifundo vya miguu, vya kijani, havina doa. Akafurahi kweli. Kisha akainua macho. Pale juu kabisa, juu ya viazi vyote, ilikuwapo miche ya nyanya. Imepandwa kwa mstari, imefungwa vijiti, kila mmoja na kivuli chake cha jani la mgomba. Kumi na minane.

"Umeipata wapi?" akauliza Mama Elikana.

Mama Roselina akafuta mikono kwenye kanga. "Nilijua nimekukosea, ila sikujua wapi. Wenzetu waliniona ninavyoshuka, wakanihurumia. Kila mmoja akanitolea mitatu kwenye ile uliyompa. Nikaipanda pale juu, mahali pazuri kuliko pote, ili siku ukija uione, ujue sina kinyongo na wewe."

Mvua ya asubuhi ilikuwa bado inatiririka. Ilitoka kwenye mashina yale kumi na manane, ikashuka kwenye tuta la kwanza la viazi, ikaingia la pili, ikaingia la tatu. Mama Elikana aliyafuata yale maji kwa macho mpaka chini ya shamba. Mche wa mwisho kule pembeni ulikuwa umelaza kichwa.

Alikaa chini kwenye tope. Kisha akasema, "Nipe glasi ya maji."

Rafiki yake akadhani ana kiu. Akakimbia nyumbani, akaja na maji safi ya kunywa, kwenye glasi, akaishika kwa mikono miwili kama tunavyompa mgeni. Na Mama Elikana akaipokea, akatoa kisu.

Sasa sitawaambia kama shamba lile lilipona. Nawauliza ninyi. Ijumaa ile, kulikuwa na miche mingapi ya kung'oa? Kitalu kimoja. Aibu ya saa moja, chai ingenywewa vilevile, na Mzee Shekiondo angepata la kutania mwaka mzima, basi. Kwa nini ikafika kwenye viazi vya mjane?

Kwa sababu sisi tunadhani tukificha ugonjwa wetu tunaweza pia kuupangia njia. Huyu umfikie, huyu usimfikie. Baba anasema ulevi wangu ni wangu, watoto nimewaepusha nao. Mzee wa kanisa anasema chuki yangu ni kwa yule mmoja tu. Mimi mchungaji nina ya kwangu, nayajua, na nimeyafunika bakuli. Na tunajisifu kwamba tuna huruma kwa sababu kuna mmoja tuliyemnyima. Lakini wenzetu ni watu wema. Wanagawana. Tulichowapa watakipeleka kwa mikono yao, kwa upendo kabisa, mpaka kwa yule tuliyedhani tumemlinda, naye atakipanda mahali pazuri kuliko pote.

Leo tunakaribia meza ya Bwana. Kama kuna mtu ana kitu chini ya bakuli, asije mezani kwanza. Atoke, aende kwa mwenzake, akapige hodi, aseme. Tutamsubiri. Mimi nitaanza, maana kuna mzee humu ndani nimemkwepa tangu Krismasi, na yeye anajua.

Twendeni sasa hivi, wapendwa. Sikilizeni hapo juu ya mabati. Mvua imeanza tena.