Mpira, Mipira na Nafasi Moja

Sogeeni karibu, na mwenye hasira asiiache nje. Hukumu ya leo inaihitaji.

Walikuwepo wanafunzi watatu wa chuo kimoja cha ufundi huko Kondoa. Mchiwa alijua kuiandikia kompyuta ikatii. Sikudhani alikuwa na jicho: akiona kitu kimekwenda kombo, chakula hakimshuki mpaka kinyooke. Nyemo alikuwa na sikio. Ukikosea neno, hata kwa herufi moja, anakukatiza, na kwa hilo wengi walimchoka.

Chuo kikatangaza shindano. Itengenezwe mipira itakayodunda kwenye kioo cha kompyuta pale kompyuta ikikaa bila kuguswa, na idunde kama mipira ya kweli. Mshindi angekwenda Arusha kuisomea kazi hiyo. Watatu wakaungana, wala hakuna aliyeuliza nafasi ni ngapi.

Mchiwa akaandika programu. Kila jambo akalipa neno lake la kuamrisha: mvutano wa ardhi, upepo, mdundo. Ukubwa wa mpira akauita mpira, idadi yake akaiita mipira. Ila ukiiwasha, mipira inaanguka chini na kulala pale pale kama maharage yaliyomwagika.

Sikudhani akaichukua programu hiyo iliyolala kama maiti. Akawa anaangusha mpira wa pete uani, anautazama, kisha anarudi kuandika amri ya mstari mmoja: mvutano apunguze, mdundo aongeze, upepo autie kidogo tu. Wenzake bwenini wakasema amerogwa. Mwishowe mipira ikadunda mpaka mtu akiitazama anataka kuidaka.

Siku ya wageni kuja kuamua shindano, umeme ukakatika, ukarudi, na amri ikabidi iandikwe upya. Mchiwa aliandika mwenyewe, harakaharaka. Kioo kikajaa vitone kama mtama, vimekwama. Wageni wakaanza kuinuka.

Nyemo akaisoma amri kwa sauti. "Mipira sitini, mpira tano? Dada, umegeuza. Tunataka mipira mitano."

Wakarekebisha. Mgeni mmoja akainamisha kichwa kuukwepa mpira, ukumbi ukacheka, ushindi ukawa wao.

Ndipo Mwalimu Irando, msimamizi wa shindano, akasema nafasi ni moja, na anamwandika Mchiwa, kwa kuwa programu ni yake.

Sikudhani akamsogelea. "Na mimi, Mwalimu?"

"Wewe uliandika mstari mmoja, binti."

"Mstari mmoja? Kabla ya huo mstari, Mwalimu, kulikuwa na nini cha kutazama?"

"Na bila programu yangu ungeuandika wapi," Mchiwa akadakia, "ukutani?"

"Ningenyamaza mimi," akasema Nyemo, "wote tungekuwa tumesharudi nyumbani mikono mitupu."

Sikudhani akamgeukia kwa ukali. "Kusoma kwa sauti nako ni kazi?"

Neno hilo lilipomtoka tu, akasikia ni dharau ile ile aliyotupiwa yeye sasa hivi. Aliona aibu, lakini hasira haikupungua, na nafasi haikuongezeka.

Mwalimu akaweka kalamu mezani. "Kapataneni. Kesho nisipopata jina, nafasi inakwenda chuo kingine."

Wakatoka, kila mmoja akashika njia yake.

Haki ya Mungu, hata mimi ninayesimulia nimekasirika. Nikimpa mmoja, nimewadhulumu wawili. Nisipoandika, nimewadhulumu wote. Kalamu hiyo hapo, ishikeni nyinyi. Na asiniambie mtu "wote", kwa maana hilo hata Mwalimu angelisema. Je, wewe ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewatazamaje usoni?