Macho ya Kaa Yalivyopanda Juu

Nyie mnaomcheka Kaa akipita upande upande, ngojeni kwanza. Enzi hizo Kaa alikwenda mbele, kifua wazi, na macho yake yalitulia usoni kama yenu. Tena alikuwa na sifa zake. Viumbe wa bara walipochoka na jua na kazi walishuka pwani kupumzika, na nyumba waliyoiulizia kwanza ilikuwa ya Kaa. Alijua kupika, alijua kutandika, na mgeni akienda kuoga baharini, Kaa ndiye aliyemshikia mtoto. Desturi ya pwani ilikuwa hiyo: mama akiingia majini, mwanawe yu mikononi mwa mwenyeji mpaka arudi.

Kisha akahamia Kasa. Hana makuu, maskini. Alijenga kibanda ng'ambo ya jabali, ufuo wa pili, akabandika chai. Wakaja Kanga na ndugu zake, akaja Ngedere, na vicheko vikaanza kusikika.

Mnadhani kwa Kaa kulikuwa kutupu? Wala. Nyumba ilijaa mpaka barazani. Lakini kijiba cha roho hakiangalii walioko kwako, kinaangalia walioko kwa mwenzio. Kila kicheko cha ng'ambo kilimchoma. Wanacheka nini kule ambacho kwangu hakipo? Akawa anachungulia juu ya jabali aione mikeka ya Kasa, halafu akayavuta macho zaidi ayaone na masufuria. Aliyavuta siku nenda siku rudi, nayo yakazoea, yakasimama juu ya vijiti.

Miguu nayo ikaharibika. Njia ya kwenda majini ilikuwa moja kwa moja, ufuo wa Kasa uko ubavuni, na Kaa hakutaka kuugeuzia kisogo hata kidogo. Basi alishuka ubavu na kupanda ubavu, uso umeelekea kwa jirani. Wageni waliona wakanyamaza. Mgeni hamsemi mwenyeji wake.

Msimu huo akaja Paa na mwanawe mchanga, aliyempata baada ya kuzika wawili. Alimpakata muda wote, hata akila. Siku ya tatu joto lilimshinda, akataka kuoga.

"Mshike vizuri, dada," alisema. "Sina mwingine."

"Nenda ukaoge, mgeni wangu," Kaa akamjibu. "Mwanao ni wangu."

Paa hata hajalowa mgongo, ng'ambo kicheko kikalipuka, kikubwa kuliko vyote. Roho ikamruka Kaa. Akamlaza mtoto kwenye mchanga mbichi, mara moja tu, akaenda upande upande hadi jabalini, akanyanyua macho. Na alichokiona wala hakikuwa kitu: Ngedere ameteleza, amekaa majini na kikombe chake.

Wimbi likapanda nyuma yake, likamchukua mtoto.

Kaa hakuliona. Alichoona ni Kasa kutupa birika na kukimbilia baharini. Na mjue alichowaza, maana hapo ndipo wivu ulipomfikisha: sasa huyu anakimbilia nini tena, wageni wangu? Ndipo aliposikia Paa akilia.

Kasa alizama, akakawia, akaibuka na mtoto mgongoni. Mtoto akakohoa maji, akalia. Paa akampokea, akamfuta uso, asimtukane mtu.

"Nilikupa wewe, dada," alimwambia Kaa. "Kasa sikumpa."

Akashika njia ya bara. Wageni wengine wakakunja mikeka yao, mmoja baada ya mwingine, bila kuaga. Kaa aliona haya mpaka moyoni. Alitaka amfuate Paa, amshike miguu, amwombe radhi. Akapiga hatua, miguu ikampeleka ubavuni. Akajaribu tena, ikampeleka ubavuni. Paa akatokomea huku Kaa akihangaika kwenda mbele asiweze. Akachimba mchanga, akajifukia.

Na tangu siku hiyo Kaa hukaa shimoni pwani, macho juu, na mtu akikaribia hujificha kwa aibu. Watu bado huja kupumzika. Hutandika mikeka, huoga kwa zamu, mmoja majini, mwenzake na mtoto. Kaa huwachungulia tangu asubuhi, karibu kabisa, na hakuna anayemwambia amshikie.