Mtoto Asiye na Mlango

Hapo kale, wanangu, kale ya kale, kabla bibi yake bibi yangu hajaota meno, palikuwa na mfalme juu ya milima. Mpo? Basi sogeeni, niwavushe huko.

Mfalme huyo aliitwa Sengondo. Hakuwa mbaya. Alikuwa na ng'ombe wengi na usingizi mwingi, basi. Kila mwaka alipiga baragumu, na watu wakashuka na majembe kumlimia na kumjengea. Kazi hiyo ya pamoja wazee wetu waliiita msaragambo. Likilia baragumu, hakai mtu.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha. Ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha, mpaka udongo ukalewa. Watu wa kijiji cha Kighware walikuwa harusini ng'ambo ya bonde waliposikia mlima ukinguruma. Kugeuka, kijiji hakipo. Nyumba hakuna, mgomba hakuna, kisima hakuna. Matope tu. Harusi ile iliwaokoa wote, lakini hakubaki hata mmoja mwenye pa kulala.

Wakaenda kwa mfalme. Wangekwenda kwa nani, wanangu?

Aliyetangulia mbele ni Namkunda, mkunga wao, mama wa sauti ya taratibu.

"Poleni sana," akasema mfalme. "Lakini mlima sikuuangusha mimi. Hilo ni shauri la Mungu."

"Ni kweli, Mfalme."

"Laleni katika zizi la mbuzi. Mvua ikikatika, kila mtu amtafute ndugu yake."

"Ndugu zetu ni hawa hawa, Mfalme. Sote tumefukiwa nyumba."

Mfalme akaguna, akaingia ndani.

Wakalala zizini. Wakapika uani kwa mfalme, wakaanika nguo uani kwa mfalme, watoto wao wakakohoa uani kwa mfalme. Na mmoja wao, binti aitwaye Nasiwa, akajifungua mtoto wa kike humo humo, katikati ya mbuzi. Msicheke, nyie. Hakuna anayechagua pa kuzaliwa.

Siku zikapita, mfalme akaja kumwona mtoto, maana alipenda watoto. Akampakata.

"Anaitwa nani?"

"Hajaitwa bado, Mfalme," akajibu Namkunda.

"Mbona kitovu kimeshaanguka?"

"Kwetu, bibi yake mtoto humtoa nje. Akishavuka mlango wa nyumba yao, ndipo anapewa jina. Huyu hana mlango wa kuvuka."

Mfalme akatazama lile zizi. Fito, samadi, na pengo la kupitia mbuzi.

Namkunda akaendelea, taratibu vile vile. "Mvua si yako, Mfalme. Mlima si wako. Lakini baragumu lilipolia, hukusema sisi ni wa Mungu. Ulisema sisi ni wako."

Mtoto akamshika mfalme kidole.

Mshauri wake, mzee Kalaghe, akamnong'oneza. "Ardhi iliyo imara ni uwanda wako wa malisho tu. Ukiwapa, ng'ombe watakula wapi?"

"Watapanda juu. Wana miguu minne. Leta baragumu."

Likalia. Watu wakashuka kutoka kila kijiji na majembe yao, wakidhani wanakwenda kulima shamba la mfalme. Wakamkuta mfalme mwenyewe ana mti begani, jasho linamchuruzika hadi kitovuni. Nyuma yake Kalaghe anakanyaga udongo wa kukandikia, analalamikia kiuno. Wakajenga, wakaimba, wakaezeka, wakala, wakajenga tena.

Nyumba ya kwanza akapewa Nasiwa. Bibi yake mtoto akamtoa nje, jua likampiga usoni, akapiga chafya, akaitwa Nakijwa. Vigelegele vya siku hiyo, wanangu, vilivuka bonde.

Tangu hapo Sengondo akatenga msitu wa miti ya kujengea. Haukatwi na mtu, si kwa boma la mfalme, si kwa kuni. Ni wa waliopatwa na maafa. Na mto ulipofurika na kubeba nyumba za bondeni, hakungoja waje kuomba. Aliwafuata huko huko na miti. Alipokufa, mrithi wake alipelekwa kwanza msituni, akaonyeshwa mipaka yake, ndipo akakalishwa kitini.

Basi shikeni hili: anayepokea jasho la watu, apokee na msiba wao.

Kisa changu kimefika mwisho wake. Kizuri laleni nacho, kibaya nirudishieni mwenyewe.