Yaya wa Mtungini

Hapo zamani za kale, kabla wanyama hawajatuachia sisi kazi ya kuteka maji, Mama Digidigi alibaki na mtungi mmoja na mtoto mmoja. Mtoto wa kwanza alichukuliwa na homa ya mbu. Huyu aliyebaki, Sikudhani, ndiye aliyekuwa roho yake.

Kisima kilikuwa kimekauka. Maji yote ya nyumba yalikuwa mle mtungini. Na leo, ngiii! Bi Mbu anauzunguka, tumbo limejaa mayai.

"Nikiyamwaga, mwanangu atakufa kwa kiu. Nikiyaacha, watazaliwa humu wamuume. Maskini mimi!" Akaushika mtungi aumwage.

"Wee mama! Usinimwage!"

"Nani huyo?"

"Chongo. Nimo humu majini."

Akakodoa macho. Mdudu mdogo kama chembe ya unga, jicho lenyewe moja! "Mwache atage," Chongo akasema. "Niachie mimi."

"Wewe? Utamfanya nini?"

"Nyamaza tu, mama yangu. Jifiche."

Akajificha nyuma ya mlango, akiuma pindo la kanga asije akapiga kelele.

"Hodi humu!" Bi Mbu akaita. "Mna samaki? Mna chura?"

"Hamna, bibi. Nipo peke yangu, mtoto wa watu, natafuta kazi ya uyaya."

Bi Mbu akacheka. "Kidudu gani hiki! Haya, nilelee. Ukimpoteza hata mmoja, utanitambua!" Akataga, akaenda zake.

Mayai yakaanguliwa. Mama Digidigi akachungulia: viluwiluwi tele, vinajinyonganyonga!

"Chongo, umeniponza! Mwanangu mimi!"

Mle ndani kulisikika nyam! nyam! basi.

Bi Mbu akarudi. "Wanangu hawajambo?"

"Wametulia, bibi."

Akarudi tena. "Mbona kimya hivi?"

"Hawasumbui hata kidogo."

Bi Mbu akashtuka, akainama mpaka ndani. Maji matupu. Na Chongo kanenepa huyo, tumbo limemtangulia!

"Wanangu wako wapi?"

"Uliuliza samaki, bibi, ukauliza chura. Mimi hukuniuliza nakula nini."

"Uwiii!" Bi Mbu akatoka mbio, analia njia nzima.

Mama Digidigi akachota maji, akayachuja kwa kanga, akamrudisha Chongo mtungini taratibu. Sikudhani akanywa, gugugu! Mama yake akaketi chini palepale, akalia kwa furaha.

Basi jueni, wajukuu zangu: tunayemdharau hatumchungi, na hapo ndipo anapotuweza.